Hata Chiriku Hutaka Ridhaa

Baadhi ya watu hudhani kwamba kufuga ndege ni kununua tundu, kutia dume na jike, kisha kungojea makinda. Mimi nasema huko ni kufunga, si kufuga.

Ndege ninayemtaja leo ni chiriku wa milia, ambaye asili yake ni Australia na Timor. Wazungu wamempa jina la punda milia kwa ile mistari yake myeusi na myeupe. Uzito wake ni kama gramu 12 tu, na kwa zaidi ya miaka 100 amekuwa akizaliana tunduni. Dume hutambulikana kwa mashavu ya rangi ya chungwa. Jike ni wa kijivujivu.

Kwa kawaida mfugaji ndiye mshenga, ndiye walii, ndiye kadhi. Humchagua dume huyu na jike yule kwa uzuri wa rangi, akawafungia pamoja. Mwaka 2015 wataalamu wa taasisi ya Max Planck, huko Ujerumani, walitangaza matokeo ya kuijaribu desturi hiyo. Waliwaacha majike 20 wachague wenyewe miongoni mwa madume 20. Kisha baadhi ya jozi waliziacha zilivyo, na nyingine wakazivunja na kuwaoza ndege kwa nguvu.

Jozi zilizochaguana zilipata makinda walionusurika kwa asilimia 37 zaidi. Waliolazimishwa walitaga mayai mengi yasiyo na mbegu, na makinda wao wengi walikufa katika siku mbili za mwanzo kwa kukosa kuangaliwa.

Sisi Waislamu tuna la kuzingatia hapo. Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba mwanamwali aombwe idhini yake, na Khansaa binti Khidam alipoozwa na babake bila ya kutaka, Mtume aliivunja ndoa ile. Sisemi kwamba ndege ana nikahi. Nasema kwamba Mola ametia moyo wa kuchagua hata katika kiumbe cha gramu 12, basi itakuwaje kwa binti yako?

Kwa hivyo mwenye banda nampa shauri hili. Watie madume na majike sawasawa katika banda kubwa, wala usichanganye ndugu wa tumbo moja. Utakapowaona wawili wakikaa bega kwa bega na kuchanuana manyoya, jua wamekubaliana. Hao ndio wa kupewa tundu lao.

Jike hutaga mayai manne hadi sita, na wote wawili huatamia kwa zamu kwa muda wa siku 13 hivi. Yai la kwanza likionekana, ondoa nyasi zilizobaki, kwani dume huendelea kujenga hata akayafukia mayai. Makinda hutoka kiotani baada ya siku 20 hivi, lakini huendelea kulishwa mpaka wafikapo siku 35. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana!

Wape uwele na wimbi, mchicha, yai la kuchemsha lililopondwa, na maji safi kila siku. Tundika pia ule mfupa mweupe wa dome uokotwao ufuoni. Jike asiyepata chokaa hukwamwa na yai, na huweza kufa kwa muda mfupi. Wakishaangua mara tatu kwa mwaka, ondoa kiota wapumzike. Tamaa ya makinda imewaua majike wengi.

Wanazuoni wameruhusu kufuga ndege kwa kisa cha Abu Umair, mtoto aliyekuwa na kidege chake naye Mtume akimtania kwacho. Lakini pia tumeonywa kwa kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Na maswahaba walipochukua makinda ya ndege wa porini, Mtume aliwaamuru wamrudishie mama yao.

Basi ruhusa ipo, nayo ina masharti. Usitege wa porini, usimnyime aliye tunduni, wala usimlazimishe mwenzi asiyemtaka. Kila tundu ni amana, na amana ina siku ya kuulizwa.