Lubumbashi: Milango na viti vya zamani vinarudi nyumbani, lakini nani ana haki ya kuviuza?

Nyumba ya zamani inapobomolewa mjini Lubumbashi ili kupisha jengo la ghorofa, matofali na mabati yanapata mnunuzi haraka. Lakini milango ya mbao ngumu, madirisha na makabati mara nyingi vinaishia jikoni kama kuni. Wakaaji wengine sasa wanavitafuta kwa kupamba nyumba zao.

Vitu hivyo vina historia. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, kwa ajili ya shaba. Wabelgiji walijenga humo villa zenye dari za juu, milango mirefu na sakafu za karo za simenti zenye maua. Matofali mengi yalitengenezwa kwa udongo wa vichuguu. Mafundi wa mbao walitumia mulombwa, mti wa misitu ya Katanga ambao mchwa hawaupendi. Leo ukataji wa miti kwa ajili ya makala umeisukuma misitu mbali na mji, na mbao nyingi zinazouzwa bado ni mbichi: zinapinda baada ya miezi michache. Mlango wa miaka 70 umekwisha kukauka, haupindi tena.

Kabla ya kununua, choma mbao kwa ncha ya kisu. Kama inaingia kwa urahisi, imeoza ama imeliwa. Pima pia urefu: milango ya wakati ule mara nyingi haiingii katika fremu za leo. Usiukate ovyo. Fundi anaweza kuufanya meza ya kulia ama kichwa cha kitanda, na fremu ya dirisha ikashika kioo cha saluni. Kiti cha zamani kilicholegea kinaunganishwa upya kwa gundi na vigingi vya mbao, bila kupigiliwa misumari ambayo itakipasua.

Kuna hatari mbili. Rangi nyingi za zamani zina risasi, sumu inayodhuru ubongo wa watoto. Usiikwangue ikiwa kavu: ilowanishe kwanza, funika pua na mdomo, na watoto wakae mbali. Mabati ya amianti nayo yasiguswe kabisa, kwani vumbi lake linaleta saratani ya mapafu.

Swali gumu zaidi ni la mali. Mpangaji anaweza kuuza mlango ambao si wake. Mtoto mmoja anaweza kung'oa madirisha ya nyumba ya urithi wakati ndugu zake wangali wanabishana. Nyumba isiyo na mlinzi inaweza kuvuliwa hadi vitasa katika usiku mmoja. Sheria ya Congo inaadhibu pia yule anayepokea kitu cha wizi, kwa hiyo omba karatasi yenye jina la muuzaji, anwani ya nyumba na sahihi ya shahidi.

Vitu vya mababu, kama misalaba ya shaba inayochimbwa ardhini, ni jambo lingine. Tangu mwaka 1971 nchi ina sheria ya kulinda mali ya utamaduni. Ukikuta kitu cha namna hiyo, kipeleke kwenye Jumba la Makumbusho la Lubumbashi, usikipeleke sokoni.

Na kama jengo lenyewe lingali imara, kulitengeneza ni bora kuliko kugawana milango yake.