Riwaya za Kale na Walaji wa Haki ya Yatima

Wengi wetu tukitajiwa Oliver Twist hukumbuka tukio moja: mtoto mwenye njaa amesimama na bakuli tupu mkononi, anaomba aongezwe uji. Tukio hilo limechorwa na kuigizwa mara nyingi hata likazifunika kurasa zinazolitangulia, ambazo kwa maoni yangu zina uzito zaidi. Mama yake Oliver anafariki mara tu baada ya kumzaa katika nyumba ya maskini. Mtoto anapelekwa kulelewa na mwanamke aitwaye Bi. Mann, ambaye parokia inamlipa peni saba na nusu kwa wiki kwa kila mtoto. Sehemu kubwa ya fedha hizo anaitia mfukoni. Watoto wanakufa kwa njaa, kwa baridi na kwa ajali, na kila kifo kikichunguzwa, daktari na mtumishi wa parokia wanatoa ushahidi kwamba hapakuwa na kosa.

Charles Dickens alijua alichokuwa akikifanya alipoandika kiwango cha malipo. Waandishi wakubwa wa karne ya 19 waliosimulia mateso ya mayatima walifuata fedha. Walituonyesha kwamba ukatili dhidi ya mtoto asiye na mtetezi mara nyingi ni biashara: yupo mtu anayelipwa kumtunza, na kila kijiko cha chakula anachonyimwa mtoto kinabaki kuwa faida ya mlipwaji. Kula mali ya yatima ni dhambi inayojulikana tangu kale. Riwaya hizi zilieleza jinsi inavyotendeka mchana kweupe, kwa hati na mihuri.

Oliver Twist ilianza kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida la Bentley's Miscellany mwezi Februari 1837. Miaka mitatu kabla, mwaka 1834, Bunge la Uingereza lilikuwa limepitisha sheria mpya ya maskini ili kupunguza gharama za kuwasaidia. Aliyetaka msaada alitakiwa aingie katika nyumba ya maskini, na maisha ya humo yalipangwa yawe duni kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliyeko nje, ili watu waogope kuomba. Mume alitengwa na mkewe, na wazazi wakatengwa na watoto wao. Kitisho hicho kilimlenga mtu mzima mwenye nguvu aliyedhaniwa kuwa mvivu. Lakini nyumba hizo zilijaa pia watoto, wazee na wagonjwa, ambao hata wakitishwa vipi wasingeweza kwenda kujitafutia riziki.

Dickens anaishusha sheria hiyo hadi kwenye sahani ya mtoto: uji mwepesi mara tatu kwa siku, kitunguu mara mbili kwa wiki na nusu mkate mdogo siku ya Jumapili. Oliver anapoomba nyongeza, bodi inayosimamia nyumba hiyo ya maskini inaamuru afungiwe, kisha inabandika tangazo mlangoni la kumpa pauni tano yeyote atakayemchukua. Anajitokeza msafisha dohani mwenye deni la kodi ya nyumba, ambaye pauni tano ndizo hasa zimempungukia. Mjumbe mmoja wa bodi anakumbusha kwamba wavulana wadogo wamewahi kufa kwa kukosa hewa ndani ya dohani. Baada ya majadiliano, bodi inafikia uamuzi: kwa kuwa kazi yenyewe ni mbaya, dau lipunguzwe hadi pauni tatu na shilingi kumi. Hatari ya kifo cha mtoto imekuwa hoja ya kupunguza bei. Sijui ukurasa mwingine wa fasihi unaoeleza kwa uwazi zaidi jinsi watu wenye heshima zao wanavyoweza kukaa mezani wakatenda uovu bila kupaza sauti.

Dickens mwenyewe aliwahi kuionja hali hiyo. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 12, alifanya kazi katika kiwanda cha rangi ya viatu jijini London, akibandika lebo kwenye vikopo kwa ujira wa shilingi sita kwa wiki, huku baba yake amefungwa kwa deni katika gereza la Marshalsea. Jambo hilo lilimuuma kiasi kwamba aliwaficha wasomaji wake maisha yake yote. Umma ulilijua baada ya kifo chake mwaka 1870, rafiki yake John Forster alipochapisha wasifu wake.

Je, alitia chumvi? Historia ilijibu swali hilo kwa namna ya kusikitisha. Mwishoni mwa mwaka 1848 kipindupindu kilizuka Tooting, karibu na London, katika makao ya watoto maskini yaliyoendeshwa na mkandarasi aitwaye Bartholomew Drouet. Watoto zaidi ya 1,300 walikuwa wamerundikwa humo, na parokia zilimlipa Drouet shilingi nne na nusu kwa wiki kwa kila mtoto. Watoto wapatao 180 walifariki. Drouet alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, akaachiwa huru. Dickens aliandika kwa hasira juu ya mkasa huo katika gazeti la The Examiner. Makao ya Bi. Mann ya riwayani yalikuwa yametokea kweli, tena kwa ukubwa ambao mtunzi hakuthubutu kuubuni.

Charlotte Brontë aliongeza jambo ambalo Dickens aligusia tu: lugha ya dini inayotumiwa kuufunika ubahili. Katika Jane Eyre, iliyotoka mwaka 1847, yatima Jane anapelekwa shule ya Lowood, ambayo mtunza hazina na msimamizi wake ni mchungaji Brocklehurst. Siku moja uji unaungua na mwalimu anawapa wasichana mkate na jibini badala yake. Brocklehurst anamkaripia kwamba akiwashibisha miili atazidhoofisha roho zao. Anaagiza wasichana wakatwe nywele ili wajifunze unyenyekevu, na muda huohuo mkewe na binti zake wanaingia wamevaa mahameli, hariri na manyoya, nywele zimetiwa mawimbi. Brontë hakuwa akibuni uchungu huo. Dada zake wawili, Maria na Elizabeth, walifariki kwa kifua kikuu mwaka 1825 baada ya kuugua wakiwa katika shule ya mabinti wa makasisi huko Cowan Bridge, ambako naye alisoma.

Ufaransa nako, Victor Hugo aliiweka hesabu hiyohiyo katika Les Misérables ya mwaka 1862. Fantine anamwacha bintiye Cosette kwa wenye hoteli, mume na mke wa ukoo wa Thénardier, kwa faranga saba kwa mwezi. Malipo yanapandishwa mara kwa mara huku mtoto akifanywa mtumishi wa nyumba, na mama anauza nywele zake, kisha meno yake, ili aendelee kulipa.

Hata hivyo, riwaya hizi zina udhaifu ambao msomaji makini asiufumbie macho. Oliver anaokoka kwa kuwa anagundulika kuwa mtoto wa mtu mwenye mali. Jane anarithi pauni 20,000 kutoka kwa ami yake. Cosette anakombolewa na Jean Valjean, mhusika mkuu wa Hugo, kwa faranga 1,500. Mtoto mmoja anapata mfadhili au urithi, na sisi tunafunga kitabu tukiwa tumefarijika. Lakini Dick, rafiki mdogo wa Oliver aliyebaki kwa Bi. Mann, anafariki bila kuokolewa na mtu. Huruma ya tajiri mmoja inamtoa mtoto mmoja na kuwaacha wenzake palepale.

Dawa ya kweli imo katika sehemu ya Jane Eyre ambayo wasomaji wengi huipita haraka. Homa inapowaua wasichana wengi wa Lowood, umma unataka uchunguzi. Inabainika kwamba mahali penyewe hapafai kwa afya, maji ni mabaya, chakula ni kidogo na kibovu. Shule inahamishiwa jengo jipya, fedha zake zinawekwa chini ya kamati, na Brocklehurst anawekewa wenzake wa kusimamia naye. Moyo wake haubadiliki, ila sasa kuna anayemkagua. Kwa kanuni za kamati hiyo, Lowood inageuka kuwa shule bora.

Kwa hiyo nawasihi walimu na wazazi wanaosoma vitabu hivi pamoja na watoto wasiishie kwenye machozi. Kila anapotokea mtoto anayeteswa, waulizeni wasomaji wenu maswali matatu: nani analipwa kumtunza mtoto huyu, nani anamkagua huyo anayelipwa, na mtoto akilalamika nani atamsikiliza? Kisha ulizeni maswali hayohayo kwa kila kituo, kila shule na kila nyumba ya jamaa inayolea yatima katika mtaa wenu.