Tovuti ya Chama Ilindwe Kama Hati ya Kiwanja

Vyama vya ushirika, vikundi vya akina mama na wafanyabiashara wa mipakani, kuanzia Busia na Malaba hadi Mutukula, wanazidi kufungua tovuti ili wateja wa pande zote mbili za mpaka waone bidhaa, bei na namba za malipo. Tunaipongeza hatua hiyo. Hata hivyo, mlango uliofunguliwa kwa mteja, mwizi naye huuona. Ndiyo maana tunaeleza hapa jinsi tovuti inavyopaswa kumilikiwa na kutunzwa.

Tovuti ina sehemu tatu. Ya kwanza ni jina la kikoa, yaani anwani anayoiandika mteja, kama ile inayoishia .ug, .ke, .tz au .com. Ya pili ni nafasi kwenye seva, kompyuta inayofanya kazi usiku na mchana, ambayo hukodishwa kwa mwezi au kwa mwaka. Ya tatu ni kurasa zenyewe. Jina ni hati, seva ni kiwanja, kurasa ni nyumba. Nyumba ikiungua hujengwa upya. Hati ikipotea, hata mwenye nyumba hugeuka mgeni.

Mara nyingi kikundi humkabidhi fundi fedha, naye akasajili jina kwa barua pepe yake binafsi. Wakikosana, au fundi akihama au akifariki, msajili humtambua yeye, wala si kikundi. Shauri la namna hiyo linapofikishwa polisi, swali la mwanzo ni hili: ni nani aliyeandikwa kuwa mmiliki? Basi jina lisajiliwe kwa jina la chama na kwa barua pepe ya chama. Mkataba na risiti viwekwe kwenye faili. Na viongozi wasiopungua wawili wawe na nywila.

Usajili nao una mwisho. Jina la .com hulipiwa kwa mwaka 1 hadi 10. Muda ukiisha na msajili akalifuta, mmiliki hupewa siku 30 za kulikomboa, kwa kawaida kwa ada kubwa zaidi. Zikipita, zinabaki siku 5 tu kabla ya jina kuwa huru kununuliwa na yeyote. Tapeli akilipata, hujenga kurasa zinazofanana na zenu na kubadilisha namba ya malipo pekee. Mteja aliye ng'ambo ya mpaka, aliyewaamini kwa miaka, atatuma fedha bila shaka yoyote, kisha atawadai ninyi.

Kuhusu matunzo, programu ya kujengea tovuti, kama vile WordPress, isasishwe kila toleo jipya linapotolewa, na nyongeza zisizotumika ziondolewe. Nakala ya kurasa zote ihifadhiwe mahali pengine nje ya seva hiyo. Kuingia kwa msimamizi kudai nywila pamoja na namba ya uthibitisho ya simu. Alama ya kufuli kwenye kivinjari maana yake ni kwamba mawasiliano yamefichwa yasisomwe njiani. Haithibitishi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu.

Kwa upande wa Uganda, Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 inakataza kuingia katika mfumo wa mtu bila idhini. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inamtaka anayekusanya majina na namba za wateja azilinde, na atoe taarifa kwa mamlaka husika zinapovuja.

Tovuti ikivamiwa, msifute chochote kwa haraka. Pigeni picha za kurasa zilizoharibiwa, andikeni tarehe, saa na anwani kamili, na mwombeni mwenye seva awahifadhie kumbukumbu za walioingia, kwa kuwa hufutwa baada ya muda. Watahadharisheni wateja kwa simu, kisha fikeni kituo cha polisi kilicho karibu na ushahidi huo. Mteja aliyetapeliwa akiwa nchi jirani aripoti pia kwa polisi wa kwao, kwani fedha zilitumwa kutoka huko na kumbukumbu za muamala ziko huko.

Kabla ya mkutano wenu ujao wa chama, ulizeni: jina la tovuti yetu limeandikwa kwa nani, na muda wake unaisha lini? Asipopatikana wa kujibu, anzeni hapo.