Kimya na Hadhira: Upokezi wa Filamu ya Kutisha Isiyo na Mazungumzo kwa Mtazamo wa Mara

Wahakiki hupenda kudai kwamba filamu isiyo na mazungumzo haina mpaka wa lugha. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa dai hilo, ingawa lina chembe ya ukweli, linaficha jambo la msingi: kimya nacho hufasiriwa, na kila hadhira hukifasiri kwa kimya inachokijua. Mfano wetu ni No One Will Save You, filamu ya Brian Duffield iliyotolewa Septemba 2023. Tutaitazama kwa jicho la mkoa wa Mara, yaani Musoma, Bunda na Butiama, ambako wasemaji wa Kizanaki, Kijita, Kiikizu, Kikwaya, Kikurya, Kiluo na Kisukuma huishi jirani na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha mbele ya picha moja.

Katika filamu hiyo Kaitlyn Dever anaigiza Brynn, msichana anayeishi peke yake nje ya mji mdogo wa Marekani, ambaye nyumba yake inavamiwa usiku na viumbe kutoka anga za mbali. Maneno yanayotamkwa yanahesabika kwa vidole. Wahakiki wengi walimsifu Dever kwa kuibeba hadithi nzima kwa uso na pumzi, na Stephen King, bingwa wa riwaya za kutisha, aliipongeza hadharani. Watazamaji waligawanyika zaidi. Mwisho wake uliwatatiza wengi. Na wapo walioona kimya chenyewe kuwa ni hila ya mwongozaji, kwani ni binadamu gani huvamiwa usiku asiite mtu?

Swali hilo ndilo lenye uzito kwetu. Katika vijiji vya kanda ya Ziwa, yowe halikuwa sauti ya hofu tu bali wito wenye sheria zake: aliyelisikia alipaswa kutoka, na Wasukuma wanaliita mwano. Sungusungu, lililoanza Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilijengwa juu ya wajibu huo. Adhabu yake mojawapo kali ilikuwa kumtenga mtu: asisalimiwe, asitembelewe, asisaidiwe. Aliyetengwa ana koo, lakini hana wa kumwitikia. Brynn yumo katika hali hiyo hasa. Utotoni alimpiga rafiki yake Maude kwa jiwe walipogombana, Maude akafa, na mji ukamsusa. Anapokimbilia kituo cha polisi baada ya uvamizi, mama wa marehemu anamtemea mate usoni. Kwa mtazamaji wa Bunda anayekumbuka maana ya kutengwa, kimya cha Brynn si hila ya kisanaa. Ni hukumu inayoendelea kutekelezwa. Kwa maoni yetu tafsiri hii inaieleza filamu vizuri kuliko sifa nyingi ilizopewa kwa ustadi wa kiufundi.

Mate yenyewe yanastahili neno moja. Miongoni mwa jamii kadhaa za Afrika Mashariki, Wamaasai wakiwamo, mzee hubariki kwa mate. Hakuna atakayedhani Brynn amebarikiwa, lakini ishara inayodhaniwa kueleweka duniani kote nayo inahitaji muktadha wake.

Aidha, lugha haijaondoka ndani ya filamu. Imehamia kwenye maandishi. Brynn anamwandikia Maude barua kwa Kiingereza, na asiyezisoma hupoteza uzi wa majuto mpaka karibu na mwisho. Jambo hili si geni. Nosferatu ya F. W. Murnau, iliyooneshwa Berlin Machi 1922, mwezi mmoja kabla ya Julius Nyerere kuzaliwa Butiama, huitwa filamu bubu, kumbe imejaa barua, kurasa za kitabu na kadi za maandishi.

Hapo ndipo anapoingia msimulizi wa banda la video. Kazi ya Lufufu wa Dar es Salaam, aliyotafsiri na kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, imechunguzwa na Matthias Krings katika kitabu chake cha 2015. Filamu yenye mazungumzo humpa fanani kama huyu la kutafsiri. Isiyo nayo humwachia uwanja mzima. Hazina yake ni tanakali za sauti: kiumbe ananyata nyatu, nyatu, mlango unafunguka kwaa, nyumba imetulia tuli. Lakini tanakali ikitangulia picha, taharuki hubadilika: hofu ya kutojua hugeuka hofu ya kujua lisiloepukika. Ni utamu wa aina nyingine, wala si upungufu.

Wapo watakaoona msimulizi kuwa gongo la hadhira isiyojua kutazama. Fikra hiyo ina ukoo. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, wenye makao Vugiri katika Usambara, ulipiga picha zisizo na sauti na kuzitia maelezo ya santuri kwa lugha kadhaa, zikiwamo Kiswahili, Kisukuma na Kiluo. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha filamu cha makoloni ya Uingereza kilichoundwa 1939, alishikilia kuwa Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka, hivyo apewe picha za polepole na mfafanuzi kando yake. Mfafanuzi huyo alitumwa kufunga maana. Msimulizi wa banda huifungua, kwa kuwa hadhira humjibu, humkosoa na hata kumtangulia.

Kwa No One Will Save You uamuzi wake mgumu ungekuwa barua ile ya kwanza. Akiisoma yote mapema, watazamaji watamhukumu Brynn kabla ya kumhurumia. Akinyamaza, watamhurumia kwanza, kisha watajikuta wamemwonea huruma mtu ambaye kijiji kizima kilikwisha kumfungia mlango.