Chujio la wazi laweza kuinyima injini nguvu

Wenye magari wengi huamini kwamba nguvu ya injini hutokana na petroli pekee. Ukweli ni kwamba kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue yote.

Hewa ikipata joto hutanuka, na silinda hupokea kiasi pungufu. Hewa ya nyuzijoto 60, ambayo si ajabu chini ya boneti gari likikwama kwenye msongamano, ni nyepesi kwa karibu asilimia 9 kuliko ile ya nyuzijoto 30. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huelekeza mdomo wa bomba la hewa nyuma ya taa au juu ya rejeta, panapoingia hewa baridi ya nje.

Hata hivyo, baadhi ya vijana hung'oa kasha la chujio na kufunga chujio la wazi kando ya injini. Mngurumo huongezeka na dereva hudhani amepata kasi, kumbe injini yavuta hewa moto. Jijini Nairobi, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari, hasara hiyo huuma zaidi kwa kuwa hewa yenyewe tayari ni nyepesi kuliko ya Mombasa.

Wengine huteremsha bomba hadi nyuma ya bampa wakitafuta baridi. Hapo ndipo balaa huanzia msimu wa mvua: maji yakifyonzwa hayashindiliki kama hewa, na konrodi hupinda. Gari likizimika ndani ya maji lisiwashwe tena kabla fundi hajatoa plagi na kuyaondoa maji hayo.