Sare ya Shule na Dhana ya Usawa: Mfano wa Kebirigo

Neno 'sare' hubeba dhana ya usawa. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja husemwa zimetoka sare. Wanawake wa Pwani wakivaa kitambaa cha aina moja harusini husemwa wamevaa sare. Dhana hiyo ndiyo msingi wa sera ya sare katika shule za Kenya. Makala haya yanafafanua sababu za sera hiyo, kisha yanaonyesha, kwa mfano wa Kebirigo katika Kaunti ya Nyamira, jinsi utekelezaji wake unavyoweza kuibatilisha maana ya neno lenyewe.

Sababu zinazotolewa aghalabu ni tatu. Kwanza, sare husitiri tofauti za kipato: mtoto wa mwenye duka na wa mchumaji majani chai huketi dawati moja bila mavazi kutangaza hali ya nyumbani. Pili, sare ni kitambulisho: mwanafunzi anayezurura sokoni saa za masomo hujulikana atokako. Tatu, hujenga nidhamu na fahari ya pamoja, hasa katika michezo na tamasha za muziki.

Hata hivyo, usawa huo hununuliwa. Serikali ilipofuta karo katika shule za msingi za umma mwezi Januari 2003, mzigo wa sare ulibaki kwa mzazi. Kebirigo iko nyanda za juu zenye baridi, na sweta huko si pambo. Wakulima wengi hupeleka majani chai kiwandani na kulipwa kila mwezi, huku bonasi ikisubiriwa hadi baada ya mwaka wa fedha kufungwa mwezi Juni. Shule zinapofunguliwa Januari, aghalabu fedha hizo zimekwisha kugawanyika katika madeni na mahitaji mengine. Mtoto anaporudishwa nyumbani kwa kukosa sweta, vazi lililokusudiwa kuusitiri umaskini ndilo linaloutangaza.

Uzito wa jambo hili ulidhihirishwa na utafiti wa Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer, uliofanywa katika shule 328 za msingi magharibi mwa Kenya kuanzia 2003 na kuchapishwa 2015. Waliopewa sare bila malipo walipungua miongoni mwa walioacha shule. Mimba na ndoa za mapema pia zilipungua kwa wasichana.

Haifuati kwamba sare ifutwe. Inafuata kwamba shule ichague kitambaa cha kawaida kinachoweza kushonwa na fundi yeyote sokoni, badala ya kumfunga mzazi kwa duka moja; ikubali sare iliyorithiwa kwa ndugu; na impokee mtoto darasani kwanza, suala la vazi lijadiliwe na mzazi baadaye. Hapo ndipo sera na neno 'sare' vitakapoafikiana.