Malindi: Nyumba Rahisi, Ardhi Ghali

Mtu wa Tanga akifika Malindi, pwani ya Kenya, haoni ugeni wa lugha wala wa chakula. Kinachomshitua ni Kiitaliano: kiko kwenye vibao vya mikahawa, na wauza vinyago wa ufukweni wanakisema bila kubabaika. Mlango ulifunguliwa na kituo cha San Marco huko Ngomeni, ambako Waitaliano walianza kurusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967. Baadaye wakaja watalii, na wengine wakajenga. Kisha utalii ukayumba, hasa baada ya mashambulizi ya kigaidi ya 2013 na 2014, baadhi ya hoteli zikafungwa na majumba yakaanza kutafutiwa wanunuzi. Hali hii inakumbusha Horden, kijiji cha makaa ya mawe kaskazini mashariki mwa Uingereza: mgodi ulifungwa mwaka 1987, na nyumba zikaja kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wengi husema Malindi ni yale yale, kazi imeondoka na bei imeporomoka. Nadhani wanaangalia ukuta na kusahau kiwanja.

Ukuta wenyewe una matatizo yanayoonekana. Makuti huoza na kutaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Chumvi hupenya kwenye saruji, nondo zikavimba kwa kutu na dari ikaanza kumeguka vipande. Hayo fundi atayamaliza. Huko Horden mnunuzi huchunguza kama chini ya sakafu kuna shimo la mgodi; Malindi shimo liko kwenye karatasi. Sheria ya Waingereza ya mwaka 1908 ilimtaka kila mwenye ardhi ya Mwambao ajitokeze kudai chake, na ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Wagiriama wengi, waliolima kwa desturi ya ukoo, hawakupata hati, na wajukuu wao leo wanaitwa maskwota kwenye minazi na mikorosho waliyoikuta kwa babu zao. Ndiyo maana Mwambao una kitu ambacho Mtanzania huchelewa kukielewa, "nyumba bila ardhi": matofali ni yako, mchanga ni wa mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja.

Utaambiwa kwamba muuzaji mwenye hati hana shaka. Hapo zamani ilikuwa hoja nzito. Lakini mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya kampuni ya Dina Management kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali, iliamua kwamba hati haimlindi mnunuzi ikiwa ardhi iligawiwa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Wengine watasema sisi ni ndugu wa Afrika Mashariki. Udugu upo, ila Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliiacha ardhi chini ya sheria za kila nchi, na Ibara ya 65 ya Katiba ya Kenya inampa asiye raia, Mtaliano au Mtanzania, upangaji usiozidi miaka 99. Kwa sisi tuliozoea hati za miaka 33, 66 na 99, hilo halitishi.

Kwa hiyo ukiona jumba rahisi Malindi, Watamu au Kilifi, anzia ofisi ya ardhi, kisha waulize wazee wa mtaa ni nani aliyelima pale kabla ya ukuta kujengwa. Muuzaji akikuzuia kuwauliza, rudi nyumbani na pesa zako.